Tarehe ya Mashahidi Watatu

Nasaba ya fani ya kompyuta zinazostahimili hitilafu haikuanzia kwenye mionzi ya anga bali kwenye ubovu wa vifaa, maana katika mji wa Prague, Antonín Svoboda na wenziwe, wakiwa na swichi za sumaku wasizoziamini, waliunda kompyuta iliyoitwa SAPO, ikaanza kazi mwaka 1957 ikiwa na viungo vitatu vya hesabu vilivyofanya amali moja kwa pamoja, na jawabu lililoshuhudiwa na viwili ndilo lililopitishwa, mithili ya kadhi asiyehukumu kwa shahidi mmoja. Mwaka 1960 iliteketea kwa moto, na mashahidi wote watatu walikuwa nyumba moja. Hilo msomaji aliweke moyoni.

Mwaka 1985 kampuni ya Xilinx ya California ilitoa XC2064, chipu ambayo mnunuzi mwenyewe ndiye aliyeipa umbo, kwa kuandika ramani ya sakiti katika kumbukumbu yake, na akitaka huifuta akaandika nyingine. Mafundi wa setilaiti waliipenda namna hii ya chipu, kwani chombo kilichokwisha kupaa hakiteremshwi kutengenezwa; walakini, maadam ramani hiyo ni chaji kidogo tu za umeme, chembe moja ya mionzi ya anga yatosha kuigeuza biti yake. Hapo ndipo penye msiba, kwa sababu karani aliyefutiwa tarakimu moja daftarini hukosea mara moja, ama aliyesahaulishwa kujumlisha atakosea kila hesabu hadi afundishwe upya.

Basi kura ya watatu, kama ile ya SAPO, haikutosha peke yake: huficha kosa wala hailitibu, na wa pili akiugua hukumu hubatilika. Ikabidi ramani isomwe mfululizo na kuandikwa upya kutoka nakala iliyohifadhiwa, kama ilivyokuwa katika setilaiti ya Cibola ya maabara ya Los Alamos, iliyorushwa Machi 2007 na chipu tisa za aina hiyo. Prosesa iliyoundwa ndani ya chipu kama hiyo ina udhia wa ziada, kwani ikishatibiwa huamka haijui wenzake wamefika wapi, nayo haina budi kupewa hali yao ndipo irejee safuni. Tena biti moja ya njia za nyaya ikigeuka yaweza kuunganisha nakala mbili zikakosea pamoja, nao ni ule ule moto wa Prague. Kwa rai yangu, azitengaye nakala zake ndani ya chipu amefanya kazi kubwa kuliko aziongezaye.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana kiliunda RadPC, kompyuta ambayo prosesa zake hupiga kura, na iliyougua hutibiwa huku nyingine zikiendelea na kazi. Ilipita mikanda ya mionzi ya Van Allen, ikatua mwezini tarehe 2 Machi 2025.