Viti vya Sebuleni na Desturi ya Sengu

Siku hizi, katika nyumba nyingi za Mbinga na za ufuoni mwa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hata Mbamba Bay, kochi limekuwa alama ya maendeleo. Hatulaumu jambo hilo. Lakini kabla ya kuchagua kochi, yafaa tukumbuke jinsi wazee wetu walivyoketi, na kwa sababu gani.

Hapo kale Wamatengo walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja chakula kilichopikwa na wake zao, wakaamua magomvi, na vijana wakafundishwa adabu na kazi. Heshima ya mtu haikupimwa kwa uzuri wa kiti chake. Ilipimwa kwa kuwa alikuwa na mahali miongoni mwa wenzake.

Misioni ya Kianglikana ilikaa kisiwani Likoma tangu mwaka 1885. Wabenediktini nao walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Kanisa na shule zikaleta benchi, na vijana wakajifunza useremala. Benchi lilikuwa kiti kigeni, lakini lilikuwa bado kiti cha wengi.

Kisha ikaja kahawa. Ilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo. Fedha ikaingia katika kila nyumba peke yake, na kila nyumba ikaanza kula mlangoni pake. Sengu ikapungua nguvu. Ndipo kiti cha mtu mmoja kilipopata sifa.

Hata neno sofa latufundisha. Asili yake ni Kiarabu, suffa, yaani baraza la kukalia watu wengi.

Basi, tuchague namna gani? Twaona ni heri kochi refu la mbao ya mninga, lenye mito ya kutolewa na kufuliwa, ambalo seremala wa kijijini aweza kulitengeneza likivunjika. Lisijaze sebule yote, ili mkeka upate nafasi ya kutandikwa, na bibi akija aketi apendavyo. Makochi mapana yaliyojaza chumba hata mgeni hana pa kupitisha miguu hayafai kitu.

Tena tuonyane juu ya jambo moja kubwa. Wako watu wauzao kahawa ingali mtini, kwa bei ya chini, katika biashara iitwayo magoma. Mtu akinunua kochi kwa fedha ya namna hiyo, ataketi pazuri huku watoto wake wakikosa ada.

Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, awakemea wampao tajiri kiti kizuri na kumwacha maskini asimame. Na sisi tutazame sebule zetu: je, jirani maskini akibisha hodi, atapata mahali pa kuketi?