Chokaa, Saruji na Ukarabati Endelevu wa Nyumba za Wafanyakazi: Mfano wa Saltaire, Uingereza

Ukarabati endelevu wa nyumba kongwe za wafanyakazi mara nyingi hujadiliwa kama suala la kupunguza matumizi ya nishati. Insha hii inashikilia kwamba suala hilo ni la kihistoria kwanza: fundi asiyejua jinsi nyumba ilivyojengwa na ilivyotumiwa huweza kuiharibu kwa nia njema.

Kijiji cha Saltaire, karibu na Bradford, kilijengwa na Titus Salt kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda chake cha nguo za sufu kilichofunguliwa mwaka 1853. Kiliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake nyingi ni ndogo, zimeshikana kwa safu, na kuta zake za mawe hazina uwazi ndani.

Joseph Aspdin wa Leeds alikuwa amepata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, lakini mafundi wa nyumba waliendelea kutegemea chokaa kwa miongo mingi. Chokaa hupokea unyevu na kuuachia ukauke. Meko ya makaa ya mawe nayo ilivuta hewa ya ndani na kuitoa kupitia dohani. Hivyo, ukuta na moto vilisaidiana kuikausha nyumba.

Uhusiano huo ulivunjika katika karne ya 20. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ilichangia kuachwa kwa makaa ya mawe majumbani, na meko mengi yakazibwa. Katika nyumba nyingi za aina hii, maungio ya mawe yalijazwa saruji ngumu. Mvuke wa kupikia na kufulia ukakosa pa kutokea, mvua iliyopenya nyufa ikanaswa ukutani, mawe yakamomonyoka. Aidha, ukuta uliolowa hupoteza joto zaidi kuliko ukuta mkavu, na ukungu huota mahali wanapolala watoto.

Kwa hiyo, kubandika kihami joto kisichopitisha mvuke juu ya ukuta wa namna hiyo ni kufungia tatizo ndani. Utaratibu unaofaa huanza na mifereji ya paa, hufuata kuondoa saruji na kurudisha chokaa, kisha kuhami dari, kutengeneza madirisha ya asili na kuhakikisha hewa inapita.

Somo hili halihusu Uingereza pekee. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar hudhurika vivyo hivyo zinapopigwa lipu ya saruji.