Ua Lisilo na Maua

Simama kwa wauza miche wa kando ya barabara, Dar es Salaam au Nairobi, useme unatafuta mmea wa kuweka sebuleni. Utaulizwa, "Unataka ua gani?" Kisha utaoneshwa safu ya vyungu ambavyo huenda hakuna hata kimoja kilichochanua. Kiswahili cha mtaani hakioni tatizo hapo. Ua ni mmea wowote uliopandwa utazamwe, usioishia jikoni wala sokoni. Mtu husifiwa kwamba ana maua mazuri nyumbani kwake, na yote ni majani matupu.

Vitabu vinasema "mimea ya mapambo". Ni jina sahihi, ila sijawahi kulisikia kwa mtu mwenye udongo kwenye kucha. Wapo pia wanaojaribu kutenga kundi lisilosifika kwa kuchanua wakaliita "mimea ya majani", na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Majani kwetu ni nyasi, ni malisho, ni ya chai. Mwambie jirani kwamba umenunua majani ya laki moja, atakuuliza ng'ombe wako wako wangapi. Kwa hiyo nabaki na ua, hata lisipotoa ua.

Hapa nina moja akilini, lile lenye vijiti vinene vilivyosimama wima na majani yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya nazi. Limejaa benki, hotelini na kwenye ofisi zenye viyoyozi. Kibao chake huandikwa ZZ tu, kifupi cha Zamioculcas zamiifolia. Wanunuzi wengi hudhani limetoka Ulaya kwa sababu linauzwa kwa bei ya vitu vya Ulaya, kumbe ni la kwetu. Huota lenyewe porini kuanzia Kenya, likashuka Tanzania na Zanzibar, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hadi KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kulizalisha kwa wingi miaka ya 1990, na kutoka kwenye mabanda yao likaenea dunia nzima. Wajerumani wakaliita unyoya wa bahati, Wachina mti wa pesa, na wapo wazungumzaji wa Kiingereza wanaoliita johari ya Zanzibar. Wenye Zanzibar tumeambulia herufi mbili.

Jina la kisayansi lina mambo yake. Mwaka 1829 Loddiges, mfanyabiashara wa miche wa London, aliutangaza mmea huu kwa jina la Caladium zamiifolium. Mwaka 1856 Heinrich Schott, mtaalamu wa mimea wa Austria, akaona hauna mwenzake na kuuundia jenasi yake peke yake, Zamioculcas. Mwaka 1905 Mjerumani Adolf Engler akayaunganisha majina hayo mawili, tukapata hili linalovunja ulimi. Sehemu ya Zamia imeazimwa kwa mmea mwingine ambao majani yake yanafanana na haya. Kilichonivutia mimi ni mkia. Culcas ni neno la Kiarabu, kulkasi, na ukienda Misri ukaagiza kulkasi utaletewa sahani ya magimbi. Tena lile jina la kwanza, Caladium, limetoka kwenye Kimalei, keladi, ambalo nalo ni jina la mimea ya jamii ya magimbi. Mzungu wa kwanza alikwenda kuazima jina Umalei na wa pili akaazima Uarabuni, na mara zote mbili wakarudi na gimbi.

Hawakukosea, maana ZZ na magimbi ni familia moja. Ukilijua hilo, nusu ya maneno unayohitaji kulitunza ua hili unayo tayari, kwa kuwa watu wa pwani na wa bara wamelima magimbi, majimbi au nduma, kila mmoja kwa jina lake, tangu enzi za mababu. Chukua suala la usalama. Maelezo yanayokuja na mmea husema una sumu, na mama mwenye mtoto anayetambaa akisoma neno hilo, chungu kinatupwa jalalani siku hiyohiyo. Sumu kwetu ni kitu cha kuua panya. Neno linalostahili hapa ni kuwasha. Gimbi bichi linawasha kwa sababu lina vijisindano vidogo mno vya kalsiamu oksaleti, na ZZ inavyo vilevile. Mpishi wa magimbi anajua kunawa mikono baada ya kumenya na kutomwachia mtoto achezee maganda. Anayekata ZZ afanye hivyohivyo. Tofauti ni kwamba gimbi likiiva vizuri linaliwa, ilhali hili haliliwi kabisa.

Tuangalie maungo yake, ambako lugha ya duka inapotosha zaidi. Vile vijiti vilivyosimama watu huviita mashina, na vile vibapa vinavyong'aa huviita majani. Kumbe kijiti kizima, kuanzia kwenye udongo hadi nchani, ni jani moja. Ukikishika chini utahisi kimevimba, na kadiri unavyopanda kinakonda. Hicho ni kikonyo, kama kikonyo cha jani la mpapai, ila hiki kimejaa maji. Vibapa vilivyopangana huku na huku ni vipande vya jani hilohilo. Kanuni ya lugha ingetaka tuviite vijani, yaani majani madogo, lakini umbo hilo la udogo lilishanyakuliwa na rangi zamani: kijani ni rangi ya jani. Nimeamua kuviita vipapi mpaka atokee mwenye neno bora.

Shina lenyewe huliona. Limelala chini ya udongo, nene, la kahawia, lenye mafundofundo, na neno lake halihitaji kamati: ni tunguu, kama tunguu la tangawizi au la manjano. Humo ndimo mmea unamoweka akiba ya maji. Anayeishi na ua hili anaishi na tunguu. Majani ni taarifa tu za yanayotokea huko chini. Porini kiangazi kikizidi, vipapi hupukutika, mmea ukaonekana umekufa, na mvua zikirudi tunguu linachipua upya. Wataalamu wamegundua pia kwamba maji yakiadimika mmea huu unaweza kuvuta hewa ya ukaa usiku na kuihifadhi kwa matumizi ya mchana, ili matundu ya majani yasipoteze maji juani.

Basi mmea wa namna hiyo unaumwagiliaje? Kiswahili kina vitenzi vya maji vya kutosha na kila kimoja kina kipimo chake. Kunyunyizia ni kurusha matone juu ya majani. Kunaondoa vumbi, ila tunguu halipati kitu. Kumwagilia, kwa masikio ya wengi, ni kazi ya asubuhi na jioni, kwa sababu tumejifunzia kwenye tuta la mchicha, na ratiba ya mchicha ndiyo inayoyamaliza maua haya. Ninachopendekeza ni kunywesha, neno la mifugo. Ng'ombe hunyweshwa akashiba, kisha anaachwa aende zake. Mwaga maji mpaka yatokee kwenye matundu ya chini, mwaga na yale ya kwenye kisahani, halafu usiguse tena hadi udongo ukauke wote, siyo juu tu. Hiyo huweza kuwa wiki 2 wakati wa joto, na wiki 4 au zaidi wakati wa kipupwe. Neno la kuogopwa ni kutuama. Maji yakituama, tunguu linaoza. Ua la nomino na ua la kitenzi huandikwa sawasawa, na kwenye chungu kinachoyatenganisha ni mkono wa mwenye kopo.

Udongo nao umeshapewa majina na wakulima. Mfinyanzi hushika maji, kichanga huyaachia, tifutifu uko katikati. ZZ inataka tifutifu ulioongezwa mchanga wa mtoni au kokoto ndogo. Samadi iliyooza vizuri, kidogo tu, inatosha.

Kuhusu mwanga, tafsiri zimetuletea "mwanga usio wa moja kwa moja", kirungu cha maneno kinachotaka kusema mahali penye nuru pasipopigwa na jua. Mahali hapo tunapo na tunapaita barazani. Mwanga wa barazani, saa nne asubuhi, unaosomea gazeti bila kukunja uso, ndio hasa unaolifaa ua hili. Linavumilia pia kona yenye giza kiasi, lakini kuvumilia si kupenda: huko litarefuka na kulegea, vikonyo vikiinamia dirisha. Jua la utosi linababua vipapi vikabaki na mabaka.

Rangi nazo zinasema. Kabla kijani hakijatawala kila kitu, washairi na wazee wa pwani walikuwa na chanikiwiti, jani bichi, kwa ile rangi changa ya jani lililofunguka jana. Neno hili bado lina kazi. Jani jipya la ZZ hutoka likiwa chanikiwiti, kisha hukoza. Ipo aina iitwayo Raven ambayo hukoza mpaka ikawa nyeusi kabisa, hivyo kwenye chungu kimoja unaona majani meusi na katikati yake limesimama moja la chanikiwiti, na mgeni akadhani umechanganya mimea miwili. Kwa upande mwingine kuna manjano, rangi iliyopewa jina la tunguu. Kipapi kimoja cha chini kikigeuka manjano ni uzee. Vikigeuka vingi kwa pamoja, na kikonyo kikawa laini, usihangaike na mbolea. Ng'oa, tazama tunguu, kata palipooza, liache lililobaki likauke kivulini siku mbili tatu ndipo ulipande tena.

Limebaki jina la ua lenyewe. Istilahi na sulhu ni maneno yaliyotoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kupatana. Neno la fani ni mapatano, na mapatano huanza kwa mtu kutoa pendekezo, basi na mimi natoa langu: zizi. Mdomo wa Mswahili unaoachiwa kuzisoma herufi zile mbili, ZZ, utaangukia hapo wenyewe. Na kwa kanuni zetu za ukubwa, mdomo hukua ukawa domo, mkono ukawa kono, na mzizi ukawa zizi. Mwanabotania atapinga kwamba tunguu ni shina, wala si mzizi. Ana haki yake, na pia atakuwa peke yake, maana kila aliyewahi kukiona chungu cha plastiki kikitanuka ubavuni hadi kupasuka kwa msukumo wa kilichomo ndani anajua ni kitu gani kikubwa kinachozungumziwa. Wafugaji nao watasema zizi ni la ng'ombe. Ng'ombe hawatakasirika.

Likishapata jina, litahitaji kuenezwa, na hapo Kiswahili kina neno pana ambalo vitabu hulibana bure. Mbegu, kwa mkulima, si punje peke yake. Pingili ya muhogo ni mbegu, rando la kiazi kitamu ni mbegu, kichwa cha gimbi ni mbegu. Mbegu ni chochote unachoomba kwa mwenzako ukakipande kwako. Jirani akija na, "Nigawie mbegu ya zizi," mchumie kipapi kimoja. Akichomeke kwa upande wa kitako kwenye mchanga wenye unyevu mdogo, akiweke barazani, asikifunike wala kukilowesha. Kwa miezi hakitaonekana kufanya lolote, na yeye atakuja kulalamika kwamba umempa mbegu mfu. Mwambie akifukue taratibu kwa kijiti cha kibiriti. Atakuta kitako kimevimba, kina kitunguu kidogo kama punje ya choroko na vijizizi viwili vitatu vyeupe. Akifukie tena, na maji apunguze.