Mbwa wa Mbio Baada ya Mbio: Historia Fupi ya Matunzo ya Greihaundi

Utangulizi

Greihaundi aliyestaafu mbio anapoingia katika nyumba ya watu kwa mara ya kwanza, mara nyingi husimama chini ya ngazi asijue la kufanya. Anaweza kugonga mlango wa kioo kwa sababu kioo ni kitu kigeni kwake. Akiachwa peke yake hulia, na akiguswa ghafla usingizini anaweza kunguruma kabla hajaamka vizuri. Mtu asiyemfahamu atasema kwamba mbwa huyu ni mjinga au ni mkali. Insha hii inadai kwamba tabia hizo, pamoja na hali ya damu na mifupa yake, zina asili katika historia ya kazi aliyofanyishwa. Kwa sababu hiyo, kujifunza jinsi alivyotunzwa ni kujifunza historia ya kazi, na swali lililo mbele yetu ni hili: mfanyakazi anastahili nini baada ya kazi kwisha?

Matunzo kabla ya viwanja

Greihaundi ni mbwa mrefu na mwembamba, mwenye kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani. Huwinda kwa macho kuliko kwa pua, na hukimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Katika karne ya 2, Arrian, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi katika Dola ya Rumi, aliandika kitabu juu ya kuwinda kwa mbwa wa jamii hii. Alishauri mbwa alazwe mahali laini penye joto, na ikiwezekana alale karibu na mtu, ili akiugua usiku ajulikane. Alisisitiza pia mwili wa mbwa usuguliwe kwa mikono, na mbwa aitwe kwa jina na kusifiwa anapofanya vizuri. Tusidanganyike kuwa Arrian aliwapenda wanyama wote, kwani alikuwa mwindaji. Hata hivyo, kwake matunzo yalikuwa uhusiano kati ya mtu mmoja na mbwa anayemjua.

Kiwanda cha kasi

Uhusiano huo ulibadilika katika karne ya 20. Mwaka 1919 Mmarekani Owen Patrick Smith alifungua uwanja huko Emeryville, California, ambako mbwa walimkimbiza sungura bandia aliyeendeshwa kwa mtambo. Julai 1926 mashindano ya namna hiyo yalianza Belle Vue, Manchester, Uingereza. Mbio hizi zilifanyika jioni na karibu na makazi ya wafanyakazi wa viwandani, ambao hawakuwa na nafasi ya kwenda kwenye mbio za farasi mchana. Kamari ndiyo iliyowavuta wengi. Mbwa maarufu, Mick the Miller, alishinda mashindano makubwa ya Derby mwaka 1929 na 1930. Alipokufa ngozi yake ilihifadhiwa, na hadi leo umbo lake limo katika jumba la makumbusho huko Tring.

Afrika Mashariki nayo iliguswa. Desemba 1937, duma waliopelekwa kutoka Kenya na Mwingereza Kenneth Gandar-Dower waliletwa katika uwanja wa Romford, nje ya London, wakimbizwe mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Duma alikimbia haraka kuliko greihaundi, lakini hakuwa na hamu ya kushindana, na biashara hiyo haikudumu. Kisa hiki kinaonyesha mantiki ya viwanja: kasi ya mnyama iliuzwa kwa tiketi, na asiyeleta faida aliondolewa.

Je, mbwa wa mbio hawakutunzwa? Walitunzwa, na baadhi ya wafanyakazi wa mabanda waliwapenda kwa dhati. Chakula kilipimwa, misuli ilikandwa, majeraha yalitibiwa. Ila matunzo hayo yalifungamanishwa na muda wa kushindana. Mbwa alilala bandani pamoja na wenzake, hakupanda ngazi, hakusikia redio wala sufuria jikoni. Alifundishwa jambo moja tu: kinachokimbia mbele yake kifukuzwe.

Baada ya kustaafu

Hapa ndipo tatizo lilipojitokeza. Greihaundi wengi humaliza mbio wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 5, ilhali wanaweza kuishi miaka 12 au zaidi. Maana yake sehemu kubwa ya maisha hubaki bila kazi. Wapo waliorudi kwa wenye mali zao, na wapo wengi waliouawa. Mwaka 1975 liliundwa nchini Uingereza shirika la Retired Greyhound Trust ili kuwatafutia makao. Mwaka 2006 gazeti moja la nchi hiyo lilifichua kwamba huko Seaham mtu mmoja alikuwa akilipwa kuua greihaundi wazima wa afya, na waliokufa walikadiriwa kuwa maelfu. Hasira ya umma ilichangia kutungwa kwa kanuni za mwaka 2010 nchini England, zinazotaka, pamoja na mambo mengine, daktari wa mifugo awepo uwanjani.

Kwingineko viwanja vilifungwa kabisa. Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo la Florida, Marekani, waliamua mbio za kibiashara zikome ifikapo mwisho wa 2020. Mwaka huohuo uwanja wa Canidrome wa Macau ulifungwa, ukaacha mbwa zaidi ya 500 waliohitaji makao kwa wakati mmoja.

Maarifa mapya ya nyumbani

Familia zilizowachukua mbwa hawa zililazimika kujifunza upya. Ziligundua kwamba mbwa mwenye kasi kubwa hulala karibu siku nzima, na matembezi mafupi machache yanamtosha. Hana mafuta mengi mwilini na manyoya yake ni mafupi. Hivyo huhitaji koti wakati wa baridi, na godoro nene ili mifupa isimchubue. Kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, kwa hiyo mkanda wa kawaida huchomoka na huhitajika unaojikaza kidogo anapovuta. Mahali palipo wazi hafunguliwi kamba, kwani akimwona paka hatasikia akiitwa. Usingizini haguswi, huitwa kwanza kwa jina. Meno yake, ambayo mara nyingi huwa yameoza anapotoka bandani, hupigwa mswaki. Mguu wa nyuma wa kulia huchunguzwa kwa makini, maana viwanja vingi hukimbiwa kwa kuzunguka kuelekea kushoto na mzigo wa kona huvunja kifundo hicho. Akichechemea uzeeni haipuuzwi, kwa sababu jamii hii hupatwa sana na saratani ya mifupa.

Madaktari nao walijifunza. Greihaundi ana chembe nyekundu za damu nyingi kuliko mbwa wengine, na chembe sahani chache. Homoni ya tezi ya thairoidi huwa chini kwa kawaida yake. Daktari aliyemlinganisha na mbwa wa aina nyingine aliweza kumwandikia dawa za ugonjwa asionao. Dawa ya nusukaputi iitwayo thiopentali, iliyotumika kwa mbwa wengi bila shida, ilimchelewesha mno kuzinduka kwa kuwa ini lake huivunja polepole. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, daktari Guillermo Couto alijulikana kwa utafiti wa damu ya mbwa hawa. Somo hapa ni kwamba kipimo cha "kawaida" hutegemea aliyepimwa ni nani.

Hitimisho

Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini mwanafunzi wa historia kutoka Uganda aandike kuhusu mbwa wa Wazungu. Nilimjibu kwamba tunaposoma historia ya reli na mashamba ya pamba, tunahesabu tani na maili, na mara chache tunauliza mwili wa mfanyakazi ulirudi nyumbani ukiwa na hali gani. Greihaundi hawezi kusimulia, lakini kifundo chake, meno yake na woga wake wa ngazi ni ushahidi unaoweza kusomwa. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Katika historia hii mnyama alitumika kwa uaminifu, na mateke yalitoka kwa binadamu. Waliomtandikia godoro sebuleni wameanza kulipa deni hilo, na ushauri wao haupishani sana na ule wa Arrian: alale mahali laini, karibu na mtu anayemjua kwa jina.