Uchakuraji wa taka

Uchakuraji wa taka ni kutafuta chakula au vitu vinavyofaa katika vilivyotupwa. Ulaya na Marekani wapo wanaochakura kwa hiari, kupinga ulaji wa kupindukia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Lakini Afrika Mashariki, uchakuraji ni riziki. Katika jaa la Dandora, Nairobi, watu huokota plastiki na vyuma vya kuuza. Katika miji midogo kama Moba, bandari ya Kongo kwenye Ziwa Tanganyika, uokoaji wa vitu huanza kabla ya jalala: chupa tupu huoshwa na kutiwa mawese.

Wapinzani husema uchakuraji ni hatari, na hawakosei: uchunguzi wa 2007 wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ulikuta karibu nusu ya watoto waliopimwa damu Dandora wana madini ya risasi yaliyozidi kiwango kinachokubalika. Lakini ushahidi huo unashtaki uchanganyaji wa taka, si mchakuraji. Kumfukuza hakupunguzi sumu wala upotevu; kutenganisha taka majumbani na sokoni hupunguza vyote viwili, na humwachia riziki yake.