Mtungi wa Bluu, Mtungi wa Manjano: Chumvi Ilifikaje Eastlands?

Kwetu Umoja jikoni kuna mitungi miwili. Wa bluu ni wa kunywa na kupika. Wa manjano ni wa choo, kupiga deki na, wiki ikiwa mbaya, kufua. Ukichanganya, mathe atakuita majina yako yote matatu. Ya bluu ni maji ya kanjo, yale tunaita matamu. Ya manjano ni maji ya chumvi, kutoka kisima cha ploti.

Miaka yote nilidhani Eastlands ndivyo ilivyo, ardhi yetu ni ya chumvi na hakuna la kufanya. Halafu shosho akaja kutusalimia. Akachota maji ya manjano kufua leso yake, akasugua, akasugua, povu likakataa. Akaniangalia kama mimi ndiye nimeharibu sabuni. "Haya ni maji ya wapi?"

Shosho aliingia Bahati mwisho wa miaka ya 1950. Chumba kimoja, choo cha pamoja, mfereji wa pamoja, foleni. Lakini anasema kipande kidogo cha sabuni kilikuwa kinafua nguo za wiki nzima. Nikadhani ni zile stori za zamani kila kitu kilikuwa poa. Nikaenda kusoma. Wasee, shosho yuko sawa.

Maji ya mfereji ya Nairobi hayatoki Nairobi. Bomba la Ruiru lilianza kuleta maji mwaka 1938. Bwawa la Sasumua likafuata 1956. Yote ni maji ya milima ya Nyandarua: mvua inanyesha msituni, inaingia mtoni haraka, haipati muda wa kukaa kwenye mawe na kuyayeyusha. Ndiyo maana ni laini. Yale ya shosho yalikuwa mbali na chumba chake, lakini yalikuwa mazuri.

Umbali huo haukuwa bahati mbaya. Serikali ya mkoloni ilijenga Shauri Moyo na hata Bahati kwa hesabu ya mfanyakazi mmoja kwenye chumba, si familia. Maji ya ndani ya nyumba yalikuwa ya mitaa mingine.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika kweli, tusidanganyane. Miaka ya 1970 ikaja Buruburu, ikaja Umoja kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, na Dandora kwa pesa za Benki ya Dunia. Dandora ulipewa ploti ikiwa na choo, bafu na mfereji, vyumba ujenge mwenyewe. Mathe alikulia Umoja ya miaka ya 80, nyumba za chini, mfereji jikoni, maji laini ya Nyandarua. Hicho kizazi ndicho kilipata vyote viwili.

Kisha zikaja fleti. Ploti iliyopimwa kwa familia moja ikapandishwa ghorofa tano, sita, saba. Bomba la barabarani likabaki la watu wachache. Na huko juu mlimani, bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, lilikamilika 1994. Mradi mkubwa uliofuata, ule mfereji wa chini ya ardhi wa Murang'a wenye urefu wa kilomita 11.8, ulizinduliwa 2022. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Sensa ya 1999 ilipata watu milioni 2.1 Nairobi. Ya 2019 ikapata milioni 4.4.

Hapo katikati landlord alifanya nini? Alichimba. Na Nairobi ilikuwa imeshawekwa tangu miaka ya 1950 kama eneo ambalo uchimbaji visima unadhibitiwa, kwa sababu maji ya chini yalikuwa yanashuka. Hiyo sheria tuliirithi, tukaikalia.

Kwa hivyo chumvi si asili ya Eastlands. Ilikuja na ratiba ya mgao.

Sasa, hili neno "chumvi" linatuponza. Tunalitumia kwa vitu vitatu tofauti. Kuna chumvi yenyewe, ya ulimi. Kuna ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu, ndio unaoua povu, unaacha magaga meupe kwenye sufuria na kuziba matundu ya shawa. Huo unakera na unakula sabuni, lakini kwa mwili hauna shida kubwa. Cha tatu ni floraidi, na hii huioni wala huionji.

Floraidi iko kwenye mawe ya volkano yaliyo chini yetu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi vinakipita. Tunawacheka watu wa Nakuru kwa meno ya kahawia, na ni mawe ya ukoo mmoja. Kuchemsha kunaua vijidudu, ndiyo, lakini floraidi haiendi popote. Maji yakipungua kwa mvuke, inazidi kukolea.

Meno yanaharibika yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi. Mdogo wangu ana miaka minne. Wiki za ukame tulikuwa tunampikia uji kwa maji ya manjano, tunayachemsha vizuri, tunajiona tumechunga afya.

Nilimuuliza caretaker karatasi ya maabara ya kile kisima. Akacheka, akaniuliza kama nasomea udaktari. Nimemuuliza tena juzi, nikiwa na majirani wawili wa floor yetu. Hakucheka, alisema ataongea na mwenye nyumba.

Kwa sasa uji ni wa bluu tu. Mfereji ukikauka nashuka ngazi hadi kwa msee wa mkokoteni, ambaye anaapa maji yake ni ya kanjo. Namwambia anionjeshe kwanza, halafu namwaga kidogo mkononi na kipande cha sabuni. Povu likija, nalipa.