Sumud: Historia ya silaha ya wasiohama

Mwaka 1858 dola ya Uthmania ilitunga sheria ya ardhi kwa himaya yake yote, Palestina ikiwemo. Kifungu kimoja kilisema kwamba ardhi ya dola iliyo mikononi mwa mkulima ikikaa miaka mitatu mfululizo bila kulimwa, na pasipo udhuru wa haki, mkulima anapoteza haki yake juu yake. Istanbul ilikuwa ikitafuta kodi, na shamba lisilolimwa halitoi kodi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kifungu hicho kiliibuka upya katika vilima vya Ukingo wa Magharibi, safari hii mikononi mwa wanasheria wa serikali ya Israel. Wapalestina walikuwa tayari na neno la kukijibu: sumud.

Sumud ni kusimama imara, kutong'oka mahali ulipo wala katika lile unaloliamini. Anayefanya hivyo huitwa samid. Shina la neno hili si geni kwa msomaji wa pwani yetu, kwani ndilo lililo katika Suratul Ikhlas, katika sifa ya Mwenyezi Mungu As-Swamad, na ndilo lililotupa jina la Abdulswamad. Wengi hulitafsiri kuwa subira, lakini mwenye subira anaweza kusubiri popote. Samid hana budi awepo palepale panapogombewa.

Siku hizi sumud huimbwa kama sifa ya moyo, tabia waliyozaliwa nayo Wapalestina. Historia yake inasimulia jambo jingine. Sumud ilijengwa hatua kwa hatua, kama jibu kwa sheria na amri zilizokuwa zikimwadhibu mtu kwa kutokuwepo.

Aliyeondoka alipoteza

Katika vita vya 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Wengi waliondoka na funguo za nyumba mfukoni, wakidhani watarudi baada ya majuma machache. Mwaka 1950 bunge la Israel lilipitisha sheria ya mali za wasiokuwepo, na nyumba na mashamba ya waliokwenda yakaingia mikononi mwa msimamizi wa serikali. Sheria hiyo haikuwagusa waliovuka mpaka peke yao. Miongoni mwa Wapalestina takriban 150,000 waliobaki ndani ya Israel, wako waliokuwa wamekimbilia kijiji cha jirani tu. Nao wakahesabiwa kuwa hawakuwepo, ingawa walikuwa raia wenye vitambulisho na walipa kodi. Kiarabu kikawapa jina la al-hadirun al-gha'ibun, waliopo wasiokuwepo.

Juni 1967 Israel iliteka Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki na Gaza. Watu wapatao 300,000 waliondoka, wengi wao wakivuka Mto Jordan. Mwaka huohuo jeshi lilifanya sensa. Aliyekutwa nyumbani aliandikwa na kupata haki ya kuishi pale. Aliyekuwa Amman kwa biashara, Kuwait kwa kazi ya ualimu au Cairo masomoni hakuandikwa, na kurudi kwake kukawa jambo la kuombewa kibali.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1970 karibu kila familia ya Kipalestina ilikuwa na ndugu aliyeondoka kwa muda na muda huo haukuisha. Funzo hilo liliwaingia watu kabla hata wanasiasa hawajalitungia kaulimbiu. Machi 30, 1976, baada ya serikali kutangaza mpango wa kutwaa maelfu ya dunamu za ardhi katika Galilaya, dunamu moja ikiwa sawa na robo ekari, Wapalestina raia wa Israel waligoma nchi nzima. Sita waliuawa. Tangu hapo tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Ardhi.

Kisha ikaja kesi ya Elon Moreh. Mwaka 1979 wanakijiji wa Rujeib, karibu na Nablus, walikwenda Mahakama Kuu ya Israel kupinga Elon Moreh, makazi ya walowezi yaliyojengwa kwenye ardhi yao binafsi kwa kisingizio cha usalama. Mwezi Oktoba wakashinda, na walowezi wakaamriwa kuhama. Lakini ushindi huo ulizaa mbinu mpya. Ikiwa ardhi binafsi haichukuliki kirahisi, basi itafutwe ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya dola. Hapo ndipo sheria ya 1858 ilipotolewa kabatini. Sehemu kubwa ya Ukingo wa Magharibi haikuwahi kuandikishwa rasmi, na Israel ilikuwa imesimamisha uandikishaji mwaka 1968. Maafisa walipitia picha zilizopigwa kutoka angani, wakapima wapi palilimwa na wapi palilala. Kwa njia hiyo mamia ya maelfu ya dunamu yalitangazwa kuwa ardhi ya dola. Serikali ilishikilia kwamba inafuata sheria iliyoikuta. Mkulima naye alielewa kwamba mzeituni alioupanda unatoa mafuta na pia unatoa ushahidi.

Fedha za Baghdad

Watawala wa Kiarabu nao walilipenda neno sumud. Desemba 1977, baada ya Rais Anwar Sadat wa Misri kwenda Jerusalem kutafuta amani na Israel, Libya, Syria, Algeria, Yemen Kusini na chama cha ukombozi cha PLO walikutana Tripoli na kuunda kile walichokiita Muungano wa Sumud na Makabiliano. Novemba mwaka uliofuata, mkutano wa wakuu wa nchi za Kiarabu mjini Baghdad uliahidi dola milioni 150 kila mwaka kwa watu wa maeneo yaliyokaliwa. Fedha hizo zilikuwa zipitie kamati ya pamoja ya Jordan na PLO. Nia ilikuwa kumwezesha Mpalestina abaki: ajenge nyumba, alime, manispaa zilipe mishahara, vyuo viendeshwe.

Zilisaidia, lakini zilileta na mengine. Kamati iliwajua zaidi wenye majina, wenye ardhi na watumishi waliokuwa wakipokea mshahara wa Jordan. Mchungaji wa kusini mwa Hebron na kibarua aliyeamka alfajiri kwenda kujenga nyumba Tel Aviv hawakuiona sana hazina hiyo. Salim Tamari, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Birzeit, alikuwa miongoni mwa walioandika kwamba fedha za sumud zilikuwa zinalea upendeleo. Wengine waliuliza kama kubaki tu, huku unapokea ruzuku, kunatosha kuitwa msimamo. Katikati ya miaka ya 1980 nchi wafadhili zikaanza kupunguza michango, na swali hilo likawa la lazima.

Jibu moja lilikuwa limeshatolewa na wakili wa Ramallah, Raja Shehadeh. Mwaka 1979 alishiriki kuanzisha shirika la Al-Haq, lililofuatilia amri za kijeshi moja baada ya nyingine na kuonyesha zinavyogusa ardhi na watu. Mwaka 1982 akachapisha The Third Way, kitabu cha kumbukumbu za maisha chini ya ukaliaji. Kwake samid ni mtu anayekataa njia mbili zilizozoeleka: kunyenyekea kimya, au kumezwa na chuki. Njia ya tatu ni kubaki na akili timamu, kwenda mahakamani hata unapojua utashindwa, na kutomruhusu anayekutawala akuamulie utakuwa mtu wa namna gani.

Wasanii nao walikuwa na lao. Sliman Mansour, mzaliwa wa Birzeit, alimchora mzee hamali aliyebeba mji wa Jerusalem mgongoni kwa kamba, mchoro wa miaka ya 1970 ambao nakala zake zilitundikwa katika nyumba nyingi. Mwaka 1987 yeye, Nabil Anani, Vera Tamari na Tayseer Barakat waliacha kununua rangi na vifaa vya Israel. Mansour akageukia udongo, Anani ngozi, Barakat mbao, na Tamari aliendelea na ufinyanzi. Sumud ya kupokea ilikuwa inageuka sumud ya kutenda. Wapalestina wenyewe waliiita sumud muqawim, sumud inayopambana.

Ng'ombe wa Beit Sahour

Mabadiliko hayo yalipata uwanja wake Desemba 1987, intifada ya kwanza, maasi ya Wapalestina dhidi ya ukaliaji, ilipolipuka. Msingi ulikuwa umeshawekwa. Kamati za wanawake zilikuwepo tangu 1978, za tiba tangu 1979, na za kilimo ziliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shule zilipofungwa, masomo yalihamia sebuleni na misikitini. Chuo Kikuu cha Birzeit kilifungwa kwa amri ya jeshi kuanzia Januari 1988 hadi Aprili 1992, na walimu wakafundisha vikundi vidogo majumbani. Agosti 1988 kamati za wananchi zilipigwa marufuku, na kuwa mwanachama kukawa kosa la jinai.

Mji wa Beit Sahour, jirani na Bethlehem, ulikwenda mbali zaidi. Wakazi wake, wengi Wakristo na wengi wenye elimu na viwanda vidogo, waliamua kuacha kununua maziwa ya Israel. Wakanunua ng'ombe 18 kutoka kibbutz, kijiji cha ushirika cha Waisraeli, na kuanzisha ufugaji wao. Wanajeshi walikuja, wakawapiga picha ng'ombe hao na kuwatangaza kuwa tishio kwa usalama. Wakazi wakawaficha, na jeshi likawa linasaka ng'ombe. Kisa hicho kilitengenezewa filamu, The Wanted 18, mwaka 2014.

Ilikuwa kichekesho, lakini mgomo wa kodi uliofuata haukuwa na mzaha. Beit Sahour iligoma kulipa kodi kwa utawala ambao wakazi hawakuuchagua na ambao hawakuona fedha zao zinarudi kwao kwa huduma. Septemba 1989 jeshi liliuzingira mji kwa takriban wiki sita. Maafisa wa kodi waliingia nyumba kwa nyumba, wakachukua mashine za karakana, bidhaa za maduka, friji, televisheni na samani. Novemba, rasimu ya azimio iliyogusia yaliyotokea Beit Sahour ilifikishwa kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na Marekani ikaizuia kwa kura ya turufu.

Wakati huohuo mtu mwingine alikuwa akiadhibiwa kwa kuwa aliwahi kuondoka. Mubarak Awad, mzaliwa wa Jerusalem, alikwenda kusoma Marekani, akachukua uraia wa huko, kisha akarudi na katika miaka ya 1980 akafungua kituo cha kufundisha upinzani usio wa silaha. Alihimiza watu wapande mizeituni kwenye ardhi inayonyemelewa. Mwaka 1988 mahakama ilikubali kwamba haki yake ya kuishi Jerusalem ilikuwa imekwisha kwa sababu alihamishia maisha yake kwingine, na mwezi Juni akafukuzwa nchini. Hukumu hiyo ikawa nguzo ya kesi zilizofuata. Tangu 1967 Wapalestina zaidi ya 14,000 wamepoteza haki ya kuishi Jerusalem Mashariki, wengi kwa kushindwa kuthibitisha kwamba mji huo ndio kitovu cha maisha yao. Familia huko zinatunza bili za umeme, ankara za maji na risiti za ada ya shule kwa miaka mingi, kama wengine wanavyotunza hati za nyumba.

Nani analipa

Baada ya Mkataba wa Oslo wa 1993 kati ya Israel na PLO, neno lilipoa kidogo, kwani watu walitarajia dola. Dola haikuja. Sehemu ya Ukingo wa Magharibi iitwayo Eneo C, asilimia 60 hivi, ilibaki chini ya Israel, ambako kibali cha ujenzi kwa Mpalestina hupatikana kwa nadra na nyumba isiyo na kibali hubomolewa. Katika Masafer Yatta, kusini mwa Hebron, wachungaji na wakulima, ambao baadhi yao huishi mapangoni, waliambiwa miaka ya 1980 kwamba eneo lao ni uwanja wa mazoezi ya kijeshi. Kesi yao ilidumu zaidi ya miaka 20. Mei 2022 Mahakama Kuu iliruhusu wahamishwe, watu zaidi ya 1,000, kwa hoja kwamba hawakuthibitisha kuwa walikuwa wakazi wa kudumu kabla ya tangazo hilo. Filamu iliyotengenezwa na vijana wa huko pamoja na wenzao Waisraeli, No Other Land, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Ubomoaji haukukoma.

Gaza nako, tangu vita vilivyoanza Oktoba 2023, takriban watu wote wamelazimika kuhama, wengi zaidi ya mara moja. Oktoba 2025 jeshi la majini la Israel lilizuia mashua zaidi ya 40 zilizokuwa zikielekea huko na misaada, msafara uliobeba jina la Sumud na uliokuwa na Mandla Mandela, mjukuu wa Nelson Mandela, miongoni mwa abiria. Dunia ikajifunza neno. Lakini wapo watu wa Gaza waliosema waziwazi kwamba wamechoka kusifiwa kwa uimara wao na watu wanaolala kitandani kwao, kwa sababu sifa hiyo humfanya mwenye njaa aonekane kama aliyeumbiwa njaa.

Malalamiko hayo hayapingani na sumud, yanatuonyesha inakotoka. Wapalestina hawakubaki kwa sababu ni watu wa mawe. Kwa wengi wao njia ya kuondoka ilikuwa wazi; iliyofungwa ni ya kurudi. Mahali ambapo kijana anaweza kwenda kusoma ng'ambo miaka kumi na akarudi kukuta jina lake bado limo kwenye daftari la wakazi, kubaki nyumbani si ushujaa. Wapalestina wakiifikia siku hiyo, samid atakuwa mkulima tu, na mzeituni wake hautadaiwa tena ushahidi.